Nyota mbili kwa wakala wa viza, na moja si yake

Wameniandikia mara tatu wakiomba nyota tano. Ujumbe wa kwanza uliingia jioni ile ile shangazi alipopewa viza, wa pili baada ya wiki, na wa tatu juzi, safari hii ukiwa na picha ya mkono ulioshika pasipoti na maneno "Mteja mwingine amefanikiwa nasi." Mteja mwenyewe ni shangazi yangu. Haya, nyota nawapa, ila nitazihesabu mimi: mbili, na ya pili ni ya binti mmoja wa kwao aliyeongea na shangazi kwa simu ya video kwa nusu saa. Jina la kampuni silitaji. Wa aina yao ni wengi na matangazo yao yanafanana kama mapacha: bendera ya Marekani, tai, neno "uhakika" kwa herufi kubwa, na namba ya WhatsApp. Nikikuonya na mmoja utaangukia kwa mwenzake.

Mimi ni dereva wa malori ya safari ndefu, niko Marekani mwaka wa kumi na tisa huu. Mama alifariki nikiwa darasa la pili, na shangazi, dada yake baba, akanichukua na kunilea pamoja na watoto wake bila mtu yeyote kujua nani kazaliwa na nani kaokotwa. Binti yangu mkubwa alipokaribia kumaliza sekondari alisema hataki zawadi, anataka bibi awepo kwenye mahafali. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimeshajaribu kumleta, akanyimwa. Fomu ya safari ile niliijaza mwenyewe usiku mmoja, macho mekundu, na penye kazi ya mwombaji nikachagua "amestaafu", maana kichwani mwangu mtu wa miaka 67 kastaafu. Dirishani aliulizwa maswali mawili, akarudishiwa pasipoti na karatasi moja iliyotaja kifungu 214(b). Ada haikurudi. Hairudi kwa yeyote, ukipata ukikosa.

Kile kifungu nilikuja kukisoma baadaye sana, na laiti ningeanza nacho. Kimo kwenye sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952, na kinamwagiza afisa wa ubalozi amhesabu kila mwombaji wa viza ya kutembea kuwa ni mtu anayekuja kuhamia, mpaka mwombaji mwenyewe amridhishe kwamba sivyo. Maana yake shangazi anaanza akiwa nyuma ya mstari, na wa kumsogeza ni yeye. Rufaa hakuna. Unaloweza ni kuomba upya na kulipa upya.

Mimi wakati ule sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba nimeharibu, na kwamba sasa natafuta mtaalamu. Ndivyo nilivyoingia mikononi mwao.

Bei ilikuwa dola 260 kwa walichokiita huduma kamili. Niliuliza kama ndani yake mna ada ya ubalozi. Jibu likawa, "Huduma kamili inahusu kila hatua, kaka." Sikulikamua lile jibu kama ilivyonipasa. Ada ya ubalozi kwa viza ya B-2, hii ya matembezi, ni dola 185 tangu katikati ya mwaka 2023, na inalipwa kivyake. Fomu yenyewe, DS-160, kuijaza ni bure; ipo kwenye tovuti ya serikali yenye anwani inayoishia na .gov. Kwa hiyo dola zangu 260 zilinunua mtu wa kunichapia.

Siku ya pili wakatuma orodha ya vielelezo. Nilihesabu ishirini na tatu. Marejesho yangu ya kodi ya miaka mitatu, hati za mshahara, barua ya benki, mkataba wa nyumba, bili ya umeme, fomu I-134 ya kutangaza kwamba nitamhudumia, barua ya mwaliko yenye muhuri wa shahidi wa kiapo, picha za familia zilizoandikwa tarehe kwa nyuma. Nilikusanya wiki mbili. Nilimwamsha mke wangu usiku kutafuta mkataba wa nyumba. Nilisimama kituo cha malori nikaskani karatasi moja moja kwa simu juu ya usukani, taa ya ndani ikiwaka, kila picha na kivuli cha mkono wangu. Faili lilivyonenepa ndivyo nilivyojisikia vizuri. Ilikuwa kama nampelekea shangazi ngao.

Katika hivyo ishirini na tatu, vya shangazi vilikuwa viwili: nakala ya pasipoti na picha moja.

Hapo ndipo ningeshtuka. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani imeandika waziwazi kwenye ukurasa wake wa viza za wageni kwamba barua ya mwaliko na kiapo cha mdhamini havihitajiki kuomba viza hii, na kwamba mwombaji anapimwa kwa makazi yake na vinavyomfunga huko anakotoka, si kwa ahadi za ndugu waliopo Marekani. Sentensi mbili tu, ziko pale kwa kila mwenye intaneti. Mimi nilikuwa nalipia watu wanaonijengea ngome upande ambao hakuna anayeshambulia.

Kwenye fomu yenyewe, kwa kweli, mdhamini anatokea sehemu chache sana. Nani analipia safari: mpwa. Mtu wa kuwasiliana naye Marekani: mpwa huyo huyo, na anwani yake. Una ndugu wengine Marekani: ndiyo. Kurasa nyingine zote ni za shangazi.

Na kurasa hizo jamaa walizijazaje? Walinitumia rasimu nikague, nami niliifungua mchana mmoja nikisubiri kushusha mzigo, kwenye foleni ya malori kumi na mbili. Nashukuru foleni ile ilikuwa ndefu.

Marehemu mume wa shangazi alikuwa amezaliwa tarehe 1 Januari 1950. Fomu inamuuliza mjane jina la mumewe na tarehe yake ya kuzaliwa, na hatukuwa tumewapa. Hawakutuuliza, walitia tu. Nilipompigia shangazi akacheka: "Mjomba wako alizaliwa mwaka wa nzige, na Januari hakukuwa na nzige." Binamu yangu akapanda pikipiki mpaka makaburini akapiga picha ya jiwe. Tarehe iko pale, imechongwa: Agosti, na mwaka tofauti. Simu kwa binamu na safari ya pikipiki, basi. Hilo ndilo nililodhani nimelilipia.

Mitandao ya kijamii: "Hana." Tangu 2019 fomu inataka majina unayotumia mitandaoni katika miaka mitano iliyopita. Shangazi anayo Facebook, alifunguliwa na wajukuu ili aone picha zao, na humo hajaandika chochote zaidi ya "Amina" chini ya kila picha. Kuitaja hakumdhuru hata chembe. Kuificha ndiko kunakozaa maswali.

Picha: ana miwani. Miwani kwenye picha za viza za Marekani ilikatazwa kuanzia Novemba 2016. Hili hata mimi mwenye lori nalijua.

Kazi: "Mama wa nyumbani."

Nilipita hapo bila kusimama. Nakiri. Niliona ni nafuu kuliko "amestaafu" yangu, nikaendelea kusoma. Tutarudi.

Lakini lililonifanya niweke simu chini na kushuka garini lilikuwa kwenye ukurasa wa safari za nyuma. Je, umewahi kunyimwa viza ya Marekani? Wameweka hapana.

Nilipiga. Alipokea kijana mwenye sauti ya kulala. Nikamwambia shangazi alinyimwa mwaka jana, na niliwaeleza hivyo siku ya kwanza, ujumbe upo. Akasema wanajua. Akasema wateja wao wengi wanaweka hapana na wanapita, kwa sababu ukiweka ndiyo afisa anakuja na picha mbaya kabla hujafungua mdomo. Nikamuuliza, hivi yule afisa aliyemnyima aliandika wapi, kwenye mchanga? Kumbukumbu zao ziko kwenye kompyuta ile ile atakayokuwa anaitazama. Kunyimwa kwa 214(b) si dhambi, mtu ananyimwa leo, mambo yake yanabadilika au anayaeleza vizuri zaidi, anapata. Kusema uongo wa makusudi kwenye jambo lenye uzito, hilo ni kifungu kingine, na kinaweza kumfungia mtu mlango wa nchi hii maisha yake yote. Na anayefungiwa ni aliyeweka saini. Saini anaiweka mwombaji mwenyewe kwa kubonyeza, hata kama aliyechapa ni mwingine.

Kijana akanyamaza. Kisha akaniambia marekebisho baada ya rasimu ya kwanza yana gharama ya dola 40.

Nilitaka kujua pia wamejibu nini kule mwisho, fomu inapouliza kama kuna mtu aliyekusaidia kuijaza. Hilo nalo wameweka hapana. Watu wanaouza msaada wa kujaza fomu, wanajaza kwamba hakuna aliyesaidia! Nilicheka peke yangu kati ya malori mpaka dereva wa mbele akageuka.

Shangazi nilipomsimulia hakucheka. Alisema, "Mwanangu, njia ya mwongo ni fupi, na mimi miguu yangu inauma. Andika walininyima."

Sasa nieleze kwa nini sikuvunja mkataba siku ile. Kwenye huduma kamili kulikuwa na kitu kinaitwa "mazoezi ya usaili", na kilikuwa kimeshapangwa Jumamosi. Nilikuwa nimelipa. Nikasema acha nione na hicho.

Aliyetupigia ni binti wa makamo ya ishirini na kitu, nyuma yake ukuta mtupu. "Shikamoo, bibi." Hakuna jibu. Kwenye kioo tulikuwa tunaona kitu cha rangi ya kahawia na kitu kinachong'aa. Ilichukua dakika nzima kugundua kwamba ni sikio la shangazi na hereni yake. Kaweka simu sikioni kama simu nyingine yoyote. Binamu akaja kumgeuzia. "Marahaba, mjukuu wangu. Kumbe tunaonana."

Binti akamuuliza swali la kwanza: unaenda Marekani kufanya nini? Shangazi akaanza na mwaka mama yangu alipofariki. Akaeleza mvua ya siku ya mazishi, akaeleza nilivyokataa kula, akafika nilivyovunja mkono kwa kuanguka mwembeni. Dakika tatu zikaisha na Marekani haijatajwa. Mimi huku natokwa machozi, mke wangu naye, na binti amekaa kimya anasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Bibi, hadithi hiyo ni nzuri, na ndiyo inayokupeleka. Lakini pale utakuwa umesimama mbele ya kioo na nyuma yako watu mia. Neno la kwanza liwe jibu. Hadithi abaki nayo kijana wako."

Wakarudia. "Naenda mahafali ya mjukuu wangu." Mara ya pili, ya tatu. Kwa siku ngapi? "Wiki tano." Nani analipa? "Mpwa wangu niliyemlea, ni dereva wa malori." Umewahi kunyimwa? Hapo shangazi akanitazama mimi kwenye kona ya kioo, akajibu, "Ndiyo, mwaka jana." Binti akatikisa kichwa kukubali. Nadhani alikuwa hajaiona rasimu ya wenzake.

Akamwambia pia kwamba kama Kiingereza kinamsumbua aseme mapema kuwa anataka Kiswahili, asijibu kwa kubahatisha. Akamwambia asiseme "ndiyo" kwa swali ambalo hakulisikia, aombe lirudiwe. Haya ni madogo, lakini shangazi ana sikio moja zito na tabia ya kuitikia kwa heshima, na mimi mpwa wake wa miaka yote sikuwa nimelifikiria.

Halafu likaja lile swali. "Bibi, hizo wiki tano ukiwa huku kwa mjukuu, nani anakungoja nyumbani?"

Shangazi akashangaa kuulizwa. "Hee! Wasichana wangu watatu wananingoja. Na oda ya sare. Shule zikifungua nisipokuwepo nani atakata vitambaa? Wale bado hawajui kukata, wanajua kushona tu."

Binti akasogeza kiti. Sare gani? Basi likamwagika lote. Vyerehani vinne. Banda alilojenga kwa pesa zake, na leseni ya biashara ukutani. Wanafunzi watatu wa ushonaji, mmoja bubu, hodari kuliko wenzake. Sare za shule mbili mwaka wa kumi na moja sasa, na daftari la vipimo vya kila mtoto. Mimi nilijua shangazi anashona; nimekua nikilala kwa mlio wa cherehani. Lakini cherehani cha utotoni mwangu kilikuwa kimoja, sebuleni. Haya ya banda nilikuwa nayasikia kwenye simu za Jumapili na kuyaitikia "vizuri, shangazi" huku jicho liko barabarani.

Binti akafungua karatasi zake, akasoma, akanyamaza. "Hapa imeandikwa mama wa nyumbani."

Unaona sasa. Kwenye DS-160, ukichagua mama wa nyumbani au mstaafu, fomu inakuvusha. Haikuulizi jina la kazi, anwani, ulianza lini, unapata kiasi gani, unafanya nini hasa. Ukichagua biashara, vyumba vyote hivyo vinafunguka na unavijaza. Kile ambacho kifungu 214(b) kinakitaka, kitu cha kumrudisha mtu kwake, kilikuwepo tangu siku ya kwanza kimesimama kwenye banda na bati lake, na sisi mara mbili tulichagua neno linalokifuta. Kosa la kwanza nililifanya bure. La pili nililipia dola 260.

Nusu saa ile ndiyo nyota ya pili. Binti yule aliuliza swali moja ambalo ofisi nzima, na mimi, hatukuuliza. Kama huduma ile ingeuzwa peke yake ningeinunua tena na kuwapa nyota tano bila kuombwa.

Usiku ule nilianza fomu mpya mwenyewe. Kwa atakayefuata njia hiyo: ukiiacha fomu bila kugusa kwa dakika kama ishirini inakutoa nje, kwa hiyo hifadhi kila ukurasa, na andika mahali pa salama ile namba ya fomu inayoanza na AA, pamoja na jibu la swali la siri. Bila hivyo, na herufi tano za mwanzo za jina la ukoo na mwaka wa kuzaliwa, hurudi ndani. Majibu yote ni kwa Kiingereza. Mimi nilitolewa mara nne, mara moja kwa sababu askari wa barabarani aligonga dirisha kuniuliza kwa nini nimeegesha pale.

Nilikaa na shangazi kwenye simu jioni tatu, ukurasa kwa ukurasa. Zile kurasa za usalama zilitupotezea muda kuliko zote. Fomu inauliza kama una nia ya kufanya ujasusi, kama umewahi kushiriki mauaji ya kimbari, kama umewahi kuandikisha watoto kuwa askari. Namsomea, natafsiri, yeye anasikiliza kwa makini na kujibu kila moja kwa sentensi kamili. "Hapana, sijawahi, na Mungu aniepushe." Tulipofika ya kama anakuja Marekani kufanya ukahaba, palikuwa kimya cha muda. "Hilo wanawauliza na wanaume?" Nikasema wote. "Basi sawa. Andika hapana." Kwenye swali la aliyesaidia kujaza, niliweka ndiyo na jina langu.

Kuna jambo moja bado la wakala. Kwenye ankara walikuwa wameongeza dola 75 za "miadi ya haraka kwa ajili ya mahafali". Miadi ya dharura ipo, anaomba mwombaji kwenye mfumo ule ule na hailipiwi kwa mtu wa kati, na ni kwa mambo kama matibabu au msiba. Balozi nyingi zinaandika kabisa kwamba harusi na mahafali si dharura. Kwa maneno mengine waliniuzia kitu ambacho hakiuzwi, kwa sababu ambayo haikubaliki. Nilibishana nao siku sita. Nusu wakairudisha, nusu wakasema ni "gharama za ufuatiliaji". Miadi tulingoja foleni kama wengine, na kwa bahati tulikuwa tumeanza mapema.

Siku ya usaili shangazi alikwenda na faili langu kwapani, limefungwa kwa mpira, kilo kadhaa za karatasi. Simu aliacha kwa binamu nje. Alichukuliwa alama za vidole vyote kumi. Alisema dirisha lake alikuwepo mwanamke kijana mwenye mafua.

Nimemsimulisha mara nyingi, na kila mara ni vile vile. Unaenda kufanya nini? Mahafali ya mjukuu wangu. Naona uliwahi kunyimwa. Ndiyo, mwaka jana. Unafanya kazi gani? Nashona sare za shule, nina mafundi watatu. Yule mwanamke akaacha kuchapa, akauliza, shule ngapi? Mbili. Unarudi lini? Shangazi akamwambia tarehe ya tiketi tuliyoipanga, na akaongeza ambalo hakufundishwa na mtu: "Nikichelewa watoto watafungua shule na nguo za mwaka jana." Akaambiwa viza imekubaliwa, pasipoti inabaki. Shangazi akauliza kama atoe na haya makaratasi. Akaambiwa hapana, asante.

Alipotoka alimpa binamu faili kwanza, ndipo akaomba simu.

Wakala, ambao hawakuwa wameijaza fomu hiyo wala kujua tarehe ya usaili mpaka nilipowaomba pesa zangu, walituma pongezi zenye fataki jioni hiyo hiyo. Walijuaje? Nilimwandikia yule binti kumshukuru, kwenye namba ya kampuni, kwa sababu yake binafsi sina. Sijui kama alifikishiwa. Fataki zilifika.

Kiwanja cha ndege shangazi aliulizwa tena karibu yale yale, maana viza inakufikisha mlangoni tu na afisa wa mpakani ndiye anayekuruhusu kuingia na kukupangia muda. Alipewa miezi sita. Alikaa wiki tano. Kwenye mahafali alisimama juu ya kiti binti yangu alipoitwa, na siku iliyofuata aliomba alione lile joho, akaligeuza ndani nje, akalitazama pindo, akasema limeshonwa kwa haraka.

Usiku wa kufungasha alinitolea faili langu kutoka chini ya begi. Alikuwa amevuka nalo bahari, mpira ule ule, hakuna karatasi iliyohama. "Kodi zako hizi. Hakuna aliyeziuliza." Nikachukua karatasi. Faili lenyewe akaniomba abaki nalo. Ni gumu, lina kamba, na daftari la vipimo limeshaanza kuachana.